Ng'ombe 17 na ng'ombe wa kuazima: yule mzee aligawa haki au aliwapiga watoto changa la macho?

#1 Mwana_Uyole
Wakuu salaam. Kuna chemsha bongo ya mirathi ambayo wengi tumeisikia tangu shule ya msingi, na leo nataka tuichambue mpaka ibaki mifupa.

Mzee mmoja kafariki, kaacha ng'ombe 17 na watoto watatu wa kiume. Wosia unasema mkubwa achukue nusu, wa kati theluthi, mdogo sehemu moja ya tisa. Sasa 17 haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 9. Watoto wakakaribia kushikana mashati. Akapita mzee jirani na ng'ombe wake mmoja, akamwingiza zizini, wakawa 18. Mkubwa akapewa 9, wa kati 6, mdogo 2. Jumlisha: 17. Mzee akamswaga ng'ombe wake akaenda zake na kila mtu kafurahi.

Msimamo wangu: yule mzee hakutekeleza wosia. Nusu ya 17 ni 8.5, siyo 9. Wa kati alistahili 5 na theluthi mbili, kapewa 6. Mdogo hata wawili hawafiki, kapewa wawili kamili. Wote watatu wamezidishiwa, na mali ni ileile. Mali haiongezeki kwa kupitisha ng'ombe wa jirani zizini na kumtoa. Hiyo ziada imetoka wapi? Karibuni, hoja kwa hoja.

#2 Bajaji_Kabwe
Nimeegesha kabisa hapa Mwanjelwa, Mbeya, nifuatilie huu uzi. Mimi naona kila mtu kapata zaidi na hakuna aliyelia. Kesi iko wapi?

#3 Binti_Kihesa
Kesi iko kwenye wosia wenyewe, kaka Bajaji. Chukua kalamu ujumlishe: nusu ni 9/18, theluthi ni 6/18, moja ya tisa ni 2/18. Jumla 17/18. Baba hakugawa mali yote. Kuna kipande cha 1/18 ambacho hakukitaja kuwa ni cha nani. Ziada anayoiuliza mleta uzi imetoka hapo, haijatoka kwa jirani.

Na angalia hii, mimi ilinifurahisha sana nilipoiona mara ya kwanza. Toa walichostahili kwenye walichopata:
Mkubwa: 9 kutoa 8.5 = nusu ya ng'ombe.
Wa kati: 6 kutoa 5 na 2/3 = theluthi ya ng'ombe.
Mdogo: 2 kutoa 1 na 8/9 = moja ya tisa ya ng'ombe.
Yaani kila mmoja kazidishiwa fungu lake lilelile la ng'ombe mmoja.

#4 Mwana_Uyole
Dada Binti, umenisaidia mimi kuliko ulivyomsaidia mzee jirani. Kama kuna 1/18 isiyo na mwenyewe, nani alimpa jirani mamlaka ya kuigawa?

#5 Mwalimu_Igurusi
Kamwene wote. Tatizo lenu mnazing'ang'ania sehemu kana kwamba ni amri ya kukata nyama. Zichukueni kama uwiano. Nusu kwa theluthi kwa moja ya tisa, zidisha zote kwa 18, unapata 9 kwa 6 kwa 2. Mafungu 17, ng'ombe 17, kila fungu ng'ombe mmoja. Imeisha. Jirani hakuhitajika, alileta ng'ombe ili watoto waone kwa macho kile ambacho wangeweza kukiona kwenye karatasi.

Darasani naanza na uwiano bila kuleta ng'ombe wa kuazima, halafu ndiyo nawasimulia hadithi. Wanafunzi wanaanza wenyewe kutunga wosia.

#6 Kyela_Kwetu
Mwalimu yuko sahihi, hesabu za uwiano ndizo msingi wa kila kitu. Wagiriki waliozianzisha hawakuwa wajinga.

#7 Mwalimu_Igurusi
@Kyela_Kwetu siyo Wagiriki, rafiki yangu. Rudi nyuma zaidi na ubaki Afrika hii hii. Kuna mafunjo, yaani maandishi ya kale, ya Misri yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mskochi Alexander Henry Rhind aliyanunua Luxor mwaka 1858, sasa yapo Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Swali la 63 mle ndani linataka mikate 700 igawiwe watu wanne kwa uwiano wa theluthi mbili, nusu, theluthi na robo.

Jumlisha hizo sehemu uone: unapata 7/4, zaidi ya moja kamili. Hakuna mtu anayeweza kugawa 7/4 za mikate. Kwa hiyo Ahmes anagawa 700 kwa 7/4, anapata 400, kisha theluthi mbili za 400 ni 266 na 2/3, nusu ni 200, theluthi ni 133 na 1/3, robo ni 100. Jumla 700 bila kubaki punje. Ni njia ileile ya ng'ombe wetu, kabla ya Euclid, yule Mgiriki wa jiometri, kwa zaidi ya miaka elfu moja.

#8 Bajaji_Kabwe
Mwalimu shikamoo. Swali la 63? Kwani yako mangapi? Hao walikuwa na mtihani wa taifa?

#9 Mwalimu_Igurusi
Marahaba. Yako zaidi ya 80. Tafuta la 79 ujifurahishe: nyumba 7, kila nyumba paka 7, kila paka kala panya 7, kila panya alikuwa ale masuke 7, kila suke lingetoa vipimo 7 vya nafaka. Jumlisha vyote. Usitumie kalkuleta.

#10 Fundi_Mafinga
Mwalimu, heshima kwako, ila sikubali kwamba "imeisha". Hoja ya Mwana_Uyole bado inapumua: wosia haukusema uwiano, ulisema nusu. Nusu ya nini? Ya mali. Kwa hiyo tugawe hivyo hivyo kwa uaminifu, tuone tunafika wapi.

Mzunguko wa kwanza: mkubwa 8.5, wa kati 5 na 2/3, mdogo 1 na 8/9. Inabaki 17/18 ya ng'ombe. Hiyo nayo ni mali ya marehemu au siyo? Basi wosia unaigusa. Igawe tena: nusu yake kwa mkubwa, theluthi kwa wa kati, moja ya tisa kwa mdogo. Inabaki moja ya kumi na nane ya ile iliyokuwa imebaki. Igawe tena. Na tena. Haiishi, ila kila mara kinachobaki ni kidogo mara 18 kuliko mwanzo.

Mkubwa anakwenda hivi: 8.5, halafu 8.972, halafu 8.9985, halafu 8.9999. Anaelekea 9 kamili, hapungui wala hapitilizi. Wa kati anaelekea 6. Mdogo anaelekea 2.

Kwa hiyo mzee jirani alitekeleza wosia neno kwa neno, tena mpaka mwisho wake usio na mwisho. Ng'ombe wake alikuwa njia ya mkato ya kugawa mara zisizohesabika ndani ya dakika tano. Nilipoiona hii nilikuwa kijiweni napiga randa mbao, nikaacha kazi nikaandika ukutani kwa chaki.

#11 Binti_Kihesa
Fundi, hii ni nzuri mno. Naihifadhi.

#12 Mwana_Uyole
Ni nzuri, lakini inategemea ukubali kwamba kilichobaki kinarudi kwa walewale watatu, kwa mafungu yaleyale. Nani kasema? Kama kimebaki 17/18 cha ng'ombe, kwa nini wasigawane sawa kwa sawa, 17/54 kila mmoja? Kwa hesabu zenu mkubwa kala nusu ng'ombe ya ziada, mdogo kaambulia moja ya tisa. Mwenye nacho kaongezewa.

#13 Mama_Ubaruku
Wanangu nawasoma toka asubuhi na hamjamtaja mtu mmoja. Huyo marehemu hakuwa na mke? Watoto watatu waliokotwa shambani? Hicho kipande ambacho baba hakukitaja ni cha mama yao. 17/18 ya ng'ombe ni ng'ombe mzima kasoro mkia. Mama apewe jike la maziwa, watoto wagawane 16. Hapo hamhitaji jirani.

Na kingine. Mimi nafuga huku Mbarali. Ng'ombe 17 siyo mawe 17. Kuna mitamba, kuna maksai wa plau, kuna dume moja, kuna mwenye mimba. Ukimpa mtoto "9" halafu tisa wote ni madume yaliyochoka, umempa nini? Huku wakigawa wanapanga kwanza kwa thamani, jike lenye mimba linasimama na maksai, ndama wanahesabiwa wawili kwa mmoja wakikubaliana, halafu ndiyo wanachagua kwa zamu. Wala haitokei kesi ya nusu ng'ombe, tofauti inalipwa kwa mpunga.

#14 Bajaji_Kabwe
Mama kaja na zizi lake, wanahesabu wote kimyaaa 😂

#15 Mwalimu_Igurusi
Mama Ubaruku, kwa heshima zote: wosia ungekuwa na watoto watatu na 16, hizo nusu na theluthi unaziweka wapi? 16 haigawanyiki kwa 3 wala 9.

#16 Mama_Ubaruku
Mwalimu, kwa mafungu yako ya 9 kwa 6 kwa 2 hawagawanyiki, najua. Ndiyo maana nimesema tofauti inalipwa kwa mpunga. Hesabu yako inaishia kwenye ng'ombe, yangu inaishia ghalani.

#17 Tukuyu_Mvua
Ndaga kwa uzi mzuri. Hiki kisa si kimo kwenye Kurani? Mimi nilisikia ni hukumu ya Ali.

#18 Ostadhi_Mlandege
Hapana ndugu yangu, hakimo kwenye Kurani. Watu wanakinasibisha na Sayyidna Ali kwa sababu alisifika kwa wepesi wa hesabu za mirathi. Lakini hata kwa sheria ya Kiislamu wosia huo usingesimama: wosia hauvuki theluthi ya mali na haufanywi kwa mrithi. Watoto wa kiume watatu wanagawana sawa. Na mkiangalia, 17 kwa 3 nayo haigawanyiki. Mjane akiwepo anachukua thumuni (moja ya nane) kwanza, na 17 haigawanyiki kwa 8 pia. Huyo mzee alikuwa na idadi ngumu ya ng'ombe kwa kila upande.

Hata hivyo hoja ya Fundi namba 10 ina ndugu yake kwenye faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu. Mafungu yakipungua kuliko mali na hakuna mrithi wa kuzoa kilichobaki, wanazuoni wengi wanakirudisha kwa wenye mafungu kwa kadiri ya mafungu yao. Inaitwa raddi. Mfano: marehemu kaacha mama na binti mmoja tu. Mama ana sudusi (moja ya sita), binti nusu. Jumla theluthi mbili. Kilichobaki kinarudi kwao kwa uwiano wa 1 kwa 3, mama anaishia na robo, binti robo tatu. Hapo hawagawani sawa kwa sawa, kama anavyotaka Mwana_Uyole. Kwa watoto wa kiume raddi haiingii maana wao ndio wazoaji, naitaja kwa ajili ya njia ya hesabu tu.

Na mafungu yakizidi mali, kuna auli: wote wanapunguzwa kwa kadiri. Kile kisa cha Ali kinachojulikana kwenye vitabu vya faraidhi ni hicho, kinaitwa Minbariyya. Aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Kwa 24 ni 3, 16, 4 na 4: jumla 27. Akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani 3 ya 27. Kisha akaendelea na hotuba.

#19 Karani_Vwawa
Nimekaa kwenye mafaili ya mirathi, niongeze la upande wa mahakama. Mali ambayo wosia haukuigusa haiendi kwa matakwa ya jirani. Inahesabiwa kama ya mtu aliyekufa bila wosia kwa kipande hicho, na hapo mjane anaingia. Kwa hiyo Mama Ubaruku hayuko mbali hata kidogo.

#20 Mwana_Uyole
Naona sasa kuna kambi nne. Mwalimu: ni uwiano. Fundi: ni kugawa bila mwisho. Mama na Karani: ni cha mjane. Mimi: jirani kaingilia. Nitabadilika nikipata jibu la hili hapa. Tuseme ng'ombe ni 35, mafungu yaleyale. Jirani analeta wake, 36. Mkubwa 18, wa kati 12, mdogo 4. Jumla 34! Wanabaki wawili. Jirani anaondoka na wake pamoja na mmoja wa bure, na watoto wote bado wamepata zaidi ya wosia: 18 badala ya 17.5, 12 badala ya 11 na 2/3, 4 badala ya 3 na 8/9. Kila mtu kapata faida, hata mpita njia. Mtaniambia hapo ni haki?

#21 Fundi_Mafinga
35 inabaki 35/18, karibu ng'ombe wawili. Ukigawa kwa njia yangu mkubwa anafika 18.53, hafiki kwenye namba kamili. Hapo kweli jirani kala. Lakini kwa 17 hakula hata unyoya.

#22 Kyela_Kwetu
Tupumzike kidogo. Wasafiri watatu wamelala gesti Makambako, wamelipa 10,000 kila mmoja. Mwenye gesti kakumbuka chumba ni 25,000, kampa kijana 5,000 awarudishie. Kijana kaficha 2,000, kawapa 1,000 kila mmoja. Kila mtu kalipa 9,000, mara tatu ni 27,000, ongeza 2,000 ya kijana ni 29,000. Buku moja liko wapi?

#23 Binti_Kihesa
Halijapotea. 2,000 ya kijana imo ndani ya 27,000, unaitoa, huiongezi: 25,000 kwa mwenye gesti, 2,000 kwa kijana. Turudi kwenye ng'ombe.

Swali langu kwa wote: 17 ni bahati? Tafuteni wosia zingine za watoto watatu, mafungu tofauti yenye 1 juu, ambapo ng'ombe mmoja wa kuazima anatosha na anarudi kwao.

#24 Bajaji_Kabwe
Ng'ombe 7! Nusu, robo, moja ya nane. Mkopo mmoja, 8. Wanapata 4, 2, 1. Jumla 7. Nimeipata nikiwa na abiria, akanisaidia.

#25 Tukuyu_Mvua
11: nusu, robo, sudusi. 6, 3, 2.

#26 Kyela_Kwetu
14: nusu, theluthi, moja ya kumi. Jumla yake ni 14/15 kabisa.

#27 Binti_Kihesa
@Kyela_Kwetu jumla ni sawa, lakini weka ng'ombe 15 zizini umpe mkubwa nusu. Unapata 7.5. Ng'ombe pamoja na wa mkopo lazima wagawanyike kwa mafungu yote matatu.

#28 Karani_Vwawa
11 ina ya pili: nusu, theluthi, moja ya kumi na mbili. 6, 4, 1.
Na 9: nusu, moja ya tano, moja ya tano. 5, 2, 2.

#29 Fundi_Mafinga
Hiyo ya 9 ina pacha wawili, dada Binti kasema mafungu tofauti. Nimekaa nayo jioni hii, ninazo hizi pia:
19: nusu, robo, moja ya tano. 10, 5, 4.
23: nusu, theluthi, moja ya nane. 12, 8, 3.
41: nusu, theluthi, moja ya saba. 21, 14, 6.

#30 Mwalimu_Igurusi
Na hapo mmezimaliza. Ziko saba tu: 7, 11 mara mbili, 17, 19, 23, 41. Sababu ya kwanza kwa wanaopenda kuhakikisha: lazima kuwe na nusu. Bila nusu, fungu kubwa kabisa unaloweza kupata ni theluthi, robo na moja ya tano, jumla 47/60, haifiki nne ya tano. Jumla ikiwa chini ya nne ya tano, ng'ombe pamoja na wa mkopo hawafiki watano. Na hakuna namba chini ya tano inayogawanyika kwa namba tatu tofauti zinazoanzia tatu. Ukishaweka nusu, wa kati anabanwa kwenye theluthi au robo, na vijana wangu wa darasani wanaweza kumalizia.

Na hakuna mtu aliyejibu la paka.

#31 Bajaji_Kabwe
19,607 mwalimu. 7, 49, 343, 2,401, 16,807. Kwa mkono, nyuma ya risiti ya mafuta.

#32 Mwalimu_Igurusi
Safi sana kijana. Sawasawa.

#33 Tukuyu_Mvua
Ile auli ya Ostadhi imeninyima usingizi. Nimejaribu kugeuza kisa. Ng'ombe 13, wosia: nusu, theluthi, robo. Jumla 13/12, imezidi. Hapa hauazimi, unaficha! Toa mmoja nje ya zizi, wabaki 12. Nusu 6, theluthi 4, robo 3. Jumla 13. Unamrudisha uliyemficha na wanatosha kamili.

#34 Mwana_Uyole
Na hapa kila mtoto kapungukiwa: mkubwa nusu ya ng'ombe, wa kati theluthi, mdogo robo. Ni njia ileile mnayoisifia kwa 17. Waiteni hao watoto watatu muwaambie ni haki, tuone kama mtatoka zizini na mashati.

#35 Ostadhi_Mlandege
Watakubali, kwa sababu upungufu umemgusa kila mmoja kwa kadiri yake. Ambacho wasingekubali ni mmoja kubeba wote.

#36 Mama_Ubaruku
Mmoja aliyefichwa ni yupi? Maana mkimficha mwenye mimba atarudi wawili.

#37 Fundi_Mafinga
Nyingine ya kuficha: 31. Nusu, theluthi, moja ya tano. Ficha mmoja, wabaki 30: 15, 10, 6. Na za kuficha ni hizo mbili tu. Baada ya nusu na theluthi inabaki sudusi, kwa hiyo wa tatu lazima azidi sudusi: ni robo au moja ya tano. Ukiacha theluthi ukaweka nusu na robo, hata moja ya tano haikufikishi kwenye moja kamili.

Sasa twende watoto wanne. Nusu, theluthi, moja ya saba, moja ya 43. Wanahitajika ng'ombe 1,805 na mmoja wa kuazima: 903, 602, 258, 42. Mwenye idadi ndogo kuliko hiyo alete.

#38 Bajaji_Kabwe
15. Nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. 8, 4, 2, 1. Mwenye ndogo zaidi ya 15 aje, mimi nashusha abiria Soweto hapa Mbeya narudi.